Shokapu ngumu? Anza kwa kupima zinatembea kiasi gani

Mwezi uliopita nililetewa pikipiki kubwa ya safari yenye ugonjwa ninaokutana nao mara kwa mara. Mwenyewe, mzee mmoja ambaye ametembea nayo maelfu ya kilomita, alieleza kwa ufupi: "Fundi, nyuma inanipiga mgongo, mbele inanipiga mikono. Nimelegeza kila kitu kinachogeuka, bado ni kama nimekalia ubao."

Nilimwamini. Lakini nilipoikandamiza kwa mikono miwili, nyuma ilishuka upana wa kidole kisha ikagoma. Mbele ilizama kirahisi, halafu ikapanda polepole kama mtu anayeamka na homa. Yeye alikuwa anasikia ugumu mmoja, kumbe kila upande ulikuwa na ugonjwa wake.

Hili ndilo ningependa kila anayelalamikia shokapu ngumu alielewe kabla hajanunua kitu chochote. Mara nyingi pikipiki ya safari haiwi ngumu kwa sababu springi ni nene mno. Inakuwa ngumu kwa sababu springi haipati nafasi ya kutembea. Huenda imebanwa juu, huenda imezama chini, huenda kuna kitu kinachoishikilia. Ndiyo maana kulegeza hovyo hakusaidii, na wakati mwingine kunaongeza tatizo.

Niliangalia kwanza upepo wa tairi, kwa kuwa tairi ndiyo springi ya kwanza kukutana na shimo. Alikuwa anajaza kwa kufuata namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Namba ile si upepo unaotakiwa. Ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi hiyo inaruhusiwa kubeba. Unaotakiwa uko kwenye kitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko karibu na mnyororo. Pikipiki nyingi za aina hii hutumia takribani psi 36 mbele na 42 nyuma, lakini fuata ya kwako, na upime tairi ikiwa baridi, kabla hujaondoka. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: mbili ni wiki, mbili ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi iliyozeeka mpira wake hukauka, na hakuna skrubu ya shokapu inayoweza kuulainisha.

Baada ya hapo nilipima mzamo. Naita mzamo kile kiasi ambacho pikipiki inashuka kwa uzito wake na wa mwendeshaji ikiwa imesimama tu. Hiki ndicho kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote, na kinahitaji futi kamba na watu wawili wa kukusaidia, basi. Inua pikipiki mpaka gurudumu la nyuma lining'inie, pima kutoka katikati ya ekseli kwenda juu hadi alama uliyoweka kwenye mkia. Kisha ishushe, kaa juu yake ukiwa umevaa kila unachovaa safarini, jaketi, buti na helmeti, mwenzako mmoja akishika usukani na mwingine akipima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mzamo wako. Kwa pikipiki ya safari natafuta kama theluthi moja ya mwendo wote wa shokapu, yaani milimita 30 hadi 40 kwa nyingi. Bila mtu juu yake, nyuma inatakiwa ishuke yenyewe milimita chache, kati ya 5 na 15.

Yake ilishuka milimita 12 akiwa amekaa. Bila yeye, sifuri.

Kirungu cha kubania springi kilikuwa kimegeuzwa karibu mwisho. Alikuwa amekikaza kwa safari moja akiwa na mkewe na masanduku yote yamejaa, kisha akasahau. Kirungu kimejificha chini ya ubavu wa kiti, kwa hiyo alipolegeza "kila kitu kinachogeuka" hicho hakukigusa. Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hulieleza vibaya: kubana springi hakuifanyi iwe nene zaidi. Springi inayohitaji nguvu ya nyutoni 100 ili ishuke milimita moja itahitaji 100 hizohizo, umeibana au umeilegeza. Kinachobadilika ni mahali pikipiki inaposimama. Ikibanwa mno, uzito wako hautoshi kushinda ile nguvu iliyokwisha kuwekwa ndani yake, na shokapu inabaki imetanuka hadi kikomo cha juu. Ukifika kwenye shimo, gurudumu linatakiwa lishuke lilifuate, lakini halina pa kushukia. Pikipiki nzima inatumbukia pamoja nalo, na pigo linakwenda moja kwa moja mgongoni.

Nikalegeza hadi mzamo ukafika milimita 34. Tukajaribu barabarani. Afadhali, lakini bado nyuma ilikuwa inadunda kavu kwenye vishimo vidogo, na nikasikia kitu ambacho mzamo peke yake hauwezi kukieleza: kama shokapu inasita kidogo kabla ya kuanza kusogea.

Nilitoa bolti ya chini ya shokapu na kuinua mkono wa gurudumu la nyuma kwa kidole. Ukiuachia, mkono mzima unatakiwa ushuke wenyewe, laini, bila kelele. Wake uliganda katikati ya njia. Nikaanza kutoa viungo vinavyounganisha mkono huo na shokapu, vile vipande vifupi vya chuma vinavyokaa chini kabisa, ambako gurudumu linarusha maji na tope kila siku ya mvua. Bushi ya kwanza ilitoka kwa nyundo. Ndani hapakuwa na grisi tena, palikuwa na unga wa kahawia mkavu kama ugoro. Vile vijiti vyembamba vya beringi vilikuwa vimeshikana kwa kutu, kimoja kimelika upande mmoja hadi kuwa bapa, na kwenye bushi yenyewe palikuwa na mistari iliyochimbika, kila mstari mahali kijiti kilipokuwa kimelala bila kuzunguka. Nikapitisha ukucha juu yake, ukawa unakwama kila mstari. Viungo vilikuwa vimegeuka breki. Hakuna springi duniani, nyepesi au nzito, inayoweza kufanya kazi yake ikiwa imeshikwa hivyo.

Beringi mpya, sili mpya, grisi isiyosombwa na maji, nyingi, hadi inafurika pembeni. Kazi hii haionekani kwa nje na ndiyo sababu inarukwa kwenye huduma za kawaida. Mimi huifanya kila ninapobadilisha tairi ya nyuma, kwa kuwa gurudumu limekwisha kutoka na nusu ya kazi imeshafanyika.

Shokapu yenyewe niliikagua: shafti kavu, bila mafuta yanayovuja. Ingekuwa imelowa, ningemwambia ukweli kwamba hakuna marekebisho yatakayoisaidia. Na tafadhali usiifungue mwenyewe nyumbani. Nyingi zina nitrojeni iliyoshindiliwa kwa nguvu kubwa, na inaweza kukuumiza vibaya.

Mbele palikuwa na hadithi tofauti. Huko mzamo ulikuwa milimita 56 kwenye mwendo wa 130, zaidi ya asilimia 40. Springi ilikuwa nyepesi kwa uzito wake, na yeye, akitafuta ulaini, alikuwa amelegeza kofia za juu zinazobana springi hadi mwisho, akaizamisha zaidi. Fundi aliyeihudumia kabla yangu alikuwa ameona inachuchumaa sana kila breki inaposhikwa, akatibu kwa kutia mafuta mazito, 20W, na akayatia mengi. Kila mmoja alikuwa na nia njema, na kila hatua iliongeza ugumu.

Shokapu za mbele za pikipiki hii ni za mtindo wa zamani. Ndani kuna fimbo yenye matundu ya ukubwa usiobadilika, na mafuta hupenya humo bomba linaposhuka. Tatizo la tundu lisilobadilika ni hesabu yake: mwendo wa shokapu ukiongezeka mara mbili, upinzani wa mafuta unaongezeka kama mara nne. Ukishika breki, shokapu inashuka taratibu, mafuta yanapita bila shida, pikipiki inachuchumaa. Ukigonga ukingo mkali wa lami iliyobomoka, shokapu inatakiwa ishuke kwa kasi kubwa mno, mafuta hayapiti kwa wakati, na pigo linapanda mikononi. Kwa hiyo shokapu moja inakuwa laini panapotakiwa ugumu na ngumu panapotakiwa ulaini. Ukitia mafuta mazito unapunguza kidogo tatizo la kwanza na kulikuza sana la pili.

Tena mafuta mazito huchelewesha shokapu kurudi juu. Fikiria barabara ya vumbi yenye mawimbi ya karibu karibu. Wimbi la kwanza linaishusha, na kabla haijarudi la pili linafika, kisha la tatu. Kila pigo linaikuta chini zaidi kuliko lililotangulia. Baada ya mita chache imeshuka karibu mwisho wa mwendo wake, na mwendeshaji anaapa kwamba springi ni ngumu kama jiwe. Ukiona pikipiki yako inaanza vizuri kwenye mawimbi kisha inazidi kukakamaa, shuku kwanza kurudi huku kwa polepole. Hata shokapu ya kisasa yenye skrubu za kurekebisha hufanya hivyo ikiwa skrubu ya kurudi, ile inayoamua shokapu irudi juu kwa kasi gani, imekazwa mno. Fungua kliki moja au mbili, yaani ile milio midogo inayosikika skrubu ikigeuzwa, rudia kipande kilekile cha barabara, linganisha. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, ikaze taratibu hadi mwisho huku ukihesabu, uandike hesabu hiyo, kisha uirudishe ilipokuwa. Usiilazimishe ikifika mwisho, sindano ya ndani inaharibika.

Kuhusu wingi wa mafuta: hewa iliyobaki juu yake ndani ya bomba nayo ni springi. Shokapu inaposhuka hewa hiyo inabanwa, na ikibaki nusu ya nafasi yake, shinikizo lake linakuwa maradufu. Kitabu kilitaka nafasi ya milimita 130, springi ikiwa imetolewa na bomba limeshuka hadi mwisho. Nikakuta 90. Yaani robo ya mwisho ya mwendo ilikuwa kama kusukuma ukuta, na pikipiki iliyozama namna hii ilikuwa inaishi karibu na ukuta huo muda wote.

Nikaweka springi nzito zaidi zinazolingana na uzito wake. Aliniangalia kwa mshangao nilipomwambia kwamba nitamlainishia pikipiki kwa springi nzito, na nilimwelewa. Lakini springi inayoibeba pikipiki katikati ya mwendo wake inaacha nafasi ya kushuka na ya kupanda, na nafasi hiyo ndiyo mwili unaisikia kama ulaini. Juu ya zile fimbo nikaongeza valvu ndogo zinazofunguka zenyewe pigo kali linapokuja, ili mafuta yapate njia. Mafuta nikarudisha mepesi, na sikutazama herufi W peke yake. Chupa mbili za watengenezaji tofauti, zote zimeandikwa 10W, zinaweza kutofautiana sana. Linganisha cSt, kipimo halisi cha uzito wa mafuta kutiririka, kwenye nyuzi 40 za Selsiasi.

Kilichobaki mbele ni msuguano. Kandamiza usukani, uachie polepole, pima mbele iliposimama. Kisha inua, uachie polepole, pima tena. Vipimo viwili havitalingana, na tofauti yake ndiyo msuguano. Yake ilikuwa milimita 26. Nikalegeza bolti zinazobana ekseli chini, nikasukuma usukani chini na juu mara kadhaa ili mabomba yajipange yenyewe, kisha nikazikaza upya kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni. Tofauti ikashuka hadi 11. Ni kazi ya dakika kumi isiyohitaji kipuri chochote, na inahitajika kila gurudumu la mbele linapotolewa na kurudishwa.

Nilimfungia kifungio chembamba cha plastiki kwenye bomba la mbele, kikigusa sili, nikampa pikipiki aende mwenyewe kilomita 40 kwenye njia anayoijua, yenye lami mbovu na kipande cha vumbi. Shokapu ikishuka hukisukuma, kisha hukiacha pale ilipofika. Aliporudi kilikuwa kimesimama milimita 18 kabla ya mwisho. Pigo kubwa kuliko yote la safari ile lilikuwa limetumia karibu mwendo wote, bila kugonga chini. Nyuma, ambako alikuwa amefungua skrubu ya kurudi hadi mwisho na sasa viungo vikawa huru, ilikuwa inayumba kwenye kona ndefu. Nikakaza kliki sita, akaenda tena, akarudi akaomba moja zaidi. Nikampa.

Chini ya kiti chake sasa kuna karatasi ndani ya mfuko wa nailoni: kirungu cha nyuma zamu 5 kutoka mwisho wa kulegea akiwa peke yake, zamu 13 akiwa na mkewe na mizigo. Nimeiandika kwa kalamu isiyofutika, herufi kubwa, na kumwomba aisome upya siku watakaposhusha masanduku.