Je, wajua kwa nini bingwa wa dunia wa mpira wa meza alijifua na Arsenal?

Mwaka 1929, mjini Budapest, Mwingereza Fred Perry alimshinda Miklós Szabados wa Hungaria kwenye fainali na kutwaa ubingwa wa dunia wa mpira wa meza. Alikuwa na miaka 19. Badala ya kubaki kwenye ufalme wake, akahamia tenisi, na baadaye akawa anafanya mazoezi na wanasoka wa Arsenal. Alifuata nini huko?

Alifuata miguu na pumzi. Mikono alikuwa nayo tayari.

Meza ina urefu wa mita 2.74 tu. Mpira ukishadunda, ukisubiri utulie umekwisha. Unaupiga ungali unapanda, kwa kuukunjua upesi mkono pale kwenye kifundo. Kiwanja cha tenisi kina mita 23.77, na wachezaji wengi wa enzi zile waliuacha mpira ufike juu, uanze kushuka, ndipo wapige. Perry alikwenda na mazoea ya mezani: aliuwahi ukipanda, mpinzani akajikuta anarudishiwa mpira kabla hajajipanga. Haikuwa rahisi kama inavyosikika. Raketi ya tenisi ni nzito, na ilimchukua miezi ya kurudia pigo lile lile chini ya kocha wake, Pops Summers, hadi likakaa.

Lakini anayetaka kupiga mapema sharti afike mapema, tena kwa seti tano, saa nyingine juani. Hapo ndipo Arsenal walipomfaa. Hiyo ndiyo Arsenal iliyotwaa ligi mara tatu mfululizo, 1933 hadi 1935. Hakwenda kwao kujifunza chenga, alikwenda kukimbizwa. Wenzake walipoanza kuhema seti ya tano, yeye alikuwa bado mbichi.

Akabeba ubingwa wa Marekani 1933, Australia na Wimbledon 1934, Ufaransa 1935: mwanamume wa kwanza kuyapata mataji yote manne makubwa.

Fainali ya Wimbledon 1936 alimchapa Mjerumani Gottfried von Cramm 6-1, 6-1, 6-0. Binafsi naona ujanja wa siku ile kuliko nguvu: Perry alikuwa amedokezwa na mkandaji wa pale kwamba von Cramm ametibiwa msuli wa kinena na anapata tabu kuchomoka kwenda upande wa kulia. Basi mipira ikawa inaelekezwa huko huko.