Bwawa la Starehe Likizeeka: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Juu ya maporomoko ya Toccoa, jimboni Georgia, Marekani, palikuwa na bwawa lililoitwa Kelly Barnes. Lilianza mwaka 1899 kama boma la magogo na mawe, la kuzalisha umeme kidogo. Baadaye chuo cha Biblia kilichokuwa bondeni kikalifunika kwa udongo na kuliongeza kimo. Mwaka 1957 mitambo ya umeme ikazimwa, na tangu hapo likabaki ziwa la kuvulia samaki na kupumzikia. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 6 Novemba 1977, baada ya mvua ya siku kadhaa, tuta lilivunjika mnamo saa saba na nusu. Watu 39 walikufa, wakiwemo watoto wengi.

Daftari la taifa la Marekani lina mabwawa zaidi ya 90,000, na zaidi ya nusu ni mali binafsi. Mengi ni matuta ya udongo ya kimo cha kawaida, mikononi mwa klabu, kambi za vijana au vyama vya wenye nyumba za kandokando ya ziwa. Wenye mabwawa hayo wana maneno yao, na karibu yote yalikwisha kusemwa mahali fulani kabla maji hayajashuka bondeni.

“Limesimama miaka yote hii, halina neno.”

Hili ndilo linaloua, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Kusimama kwa miaka sitini kunathibitisha jambo moja tu: kwamba miaka hiyo haikuleta mvua wala kasoro ya kulishinda tuta. Hakusemi lolote kuhusu mwaka wa sitini na moja, maana bwawa la leo si lile lililojengwa. Bomba la kutolea maji lililopita chini ya tuta mara nyingi ni la bati la mikunjo, na bati hilo huliwa na kutu ndani ya miongo michache. Likitoboka, udongo unaolizunguka huanza kuingia ndani na kuondoka na maji, na juu ya tuta nyasi zikaendelea kumea vizuri tu. Kule bondeni nako, palipokuwa shamba la nyasi siku ya uzinduzi, leo pana nyumba, barabara na labda shule.

Wachunguzi wa Kelly Barnes hawakupata michoro ya kihandisi ya bwawa lile. Walichopata ni picha ya mwaka 1973 ikionyesha sehemu ya mteremko wa nje, uliokuwa mkali mno, ikiwa imeporomoka. Miaka minne kabla ya maafa dalili ilikuwa wazi mchana kweupe, na ziwa likaendelea kujaa. Walipotoa maoni yao, walitaja mporomoko kwenye mteremko huohuo, maji yaliyokuwa yakipenya ndani ya tuta, na udongo uliolowa hadi ukashindwa kujibeba.

“Hatari ni maji kupita juu ya tuta. Kuvuja kidogo ni kawaida.”

Nusu ya kwanza ina ukweli. Maji yakipita juu ya tuta la udongo huanza kuchimba upande wa nje mara moja, na hiyo ni mojawapo ya njia kuu za mabwawa kuvunjika. Lakini tuta laweza kuanguka maji yakiwa bado hayajafika ukingoni.

Ndivyo ilivyokuwa kwa bwawa la Edenville, Michigan, lililojengwa miaka ya 1920. Lilikuwa la mmiliki binafsi, la umeme, ila kwa wenye nyumba pembeni mwake lilikuwa Wixom Lake, ziwa la boti na samaki. Mwaka 2018 tume ya shirikisho ya nishati ilifuta leseni yake ya umeme baada ya mmiliki kushindwa kwa miaka mingi kupanua utoro wa maji, yaani njia ya kupitishia maji ya ziada. Tarehe 19 Mei 2020, mvua kubwa ikiwa imelijaza ziwa kuliko wakati wowote, kipande cha tuta kiliporomoka ghafla. Maji yalikuwa bado chini ya ukingo. Jopo huru la wataalamu lilieleza kwamba ndani ya tuta mlikuwa na mchanga ambao haukushindiliwa sawasawa tangu ujenzi. Mchanga wa namna hiyo ukilowa na kuelemewa, hupoteza mshiko wake kwa sekunde chache na kutiririka kama uji. Mafuriko yakalikumba na bwawa la Sanford lililokuwa chini yake. Watu wapatao 10,000 walihamishwa, na hakuna aliyekufa kwa sababu waliambiwa mapema.

Kuhusu kuvuja, ni kweli kila tuta la udongo hupitisha maji kiasi. Swali ni maji gani. Shuka hadi mguuni mwa tuta, kwenye ile sehemu yenye matete mabichi hata wakati wa ukame, ukinge maji kwa chupa angavu na uiache itulie. Maji yakibaki safi, andika kiasi chake na tarehe, urudi tena kupima. Chini ya chupa pakijikusanya tope au mchanga, hilo tope ni tuta lenyewe linaondoka. Tazama pia vijichemchemi vinavyobubujika katikati ya duara dogo la mchanga. Ukikuta duara kama hilo, usingoje mkutano wa mwaka, mpigie mhandisi siku hiyohiyo.

“Miti inashikilia udongo.”

Kwenye mlima, ndiyo. Kwenye tuta la bwawa, mzizi ukifa na kuoza huacha njia ya maji, na mti mkubwa uking’olewa na upepo huondoka na donge la udongo lililokuwa kinga yako. Tuta linataka nyasi fupi, ambazo pia humwezesha mkaguzi kuona mashimo ya wanyama. Ila usikate miti ya miaka arobaini kwa pupa, kwa sababu mizizi itabaki na kuoza humo. Namna ya kuing’oa na kujaza ipangwe na mhandisi.

“Letu limeandikwa hatari kubwa, basi ni bovu. Lile lao ni hatari ndogo, basi ni zima.”

Hapana. Daraja la hatari hueleza nani ataumia bwawa likivunjika, si hali ya bwawa. Hali ina daraja lake peke yake. Bwawa zima kabisa juu ya kijiji ni la hatari kubwa.

“Serikali ingekuwa imeshatuambia.”

Ni baada ya Toccoa ndipo Rais Jimmy Carter alipoagiza mabwawa yasiyo ya serikali ya shirikisho yakaguliwe. Kati ya 1978 na 1981 yalikaguliwa karibu 9,000, na takriban theluthi moja yalionekana si salama, mengi kwa sababu utoro wa maji ulikuwa mdogo mno. Mkaguzi hupita mara moja kwa miaka kadhaa, na akiondoka tuta linabaki na mwenyewe. Kulikarabati tuta ni juu ya mwenye bwawa, kwa fedha zake, na ndiyo maana kazi hiyo huahirishwa.

“Tumerekebisha mambo madogo tu, ya kupendezesha.”

Bwawa la South Fork, Pennsylvania, lilikuwa la mfereji wa usafirishaji kabla ya kuwa la klabu ya matajiri wa Pittsburgh. Mabomba ya kutolea maji yalikuwa yameshang’olewa na kuuzwa kama chuma chakavu kabla klabu haijalinunua, na klabu haikuyarudisha. Kilele cha tuta kilishushwa ili magari ya farasi yapite vizuri. Kwenye utoro wa maji ziliwekwa nyavu za chuma ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua ilikuja, takataka zikaziba nyavu, maji yakapita juu ya tuta, na hapakuwa na bomba la kuyapunguza. Watu 2,209 walikufa, wengi wao mjini Johnstown. Kila nikiona wavu wa samaki umefungwa kwenye utoro wa bwawa la klabu, hata uwe mdogo vipi, hofu hunishika.

“Likianza kupasuka tutafungulia maji yote.”

Ziwa likishushwa kwa kasi, mteremko wa ndani, ambao bado umejaa maji, hubaki bila kitu cha kuuegemea na unaweza kuporomoka. Kasi ya kushusha ipangwe na mhandisi kabla ya shida. Na mlango wa kutolea maji ambao haujafunguliwa miaka kumi huenda usifunguke kabisa, hivyo ujaribiwe kila mwaka.

Kinachookoa watu ni taarifa. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba binafsi lilivunjika huko Solai, Nakuru, na zaidi ya watu 40 walikufa majumbani mwao. Kila mwenye bwawa juu ya makazi anahitaji ramani ya nyumba zitakazofikiwa na maji, namba za simu za wakazi wake zinazohakikiwa kila mwaka, na mtu mmoja aliyeruhusiwa kusema “ondokeni” bila kuitisha kikao kwanza.