Algoriti za mageuko si kubahatisha tu

Wanafunzi wengi wa kompyuta, hapa Kigoma na kwingineko, wanaamini kuwa algoriti za mageuko (programu zinazotafuta majibu bora kwa kuyabadilisha kwa nasibu na kubakiza yanayofaa) haziwezi kupimwa kwa hesabu: unaiacha programu izunguke mpaka uchoke. Imani hii ina chanzo chake, maana hatua zake kweli hutegemea nasibu. Lakini nasibu nayo ina kanuni zake.

Mwenye boti pale Kibirizi anataka kuwahi na pia kuokoa mafuta. Hapati jibu moja bora, anapata safu ya majibu: linalowahisha zaidi hula mafuta zaidi. Swali ni hili: algoriti itaipata safu nzima baada ya hatua ngapi?

Chukua mfano rahisi: mfuatano wa tarakimu n za 0 na 1, ukitaka sufuri nyingi na moja nyingi kwa pamoja. Safu ina majibu n+1, jibu moja kwa kila idadi ya sufuri kuanzia 0 hadi n. Imethibitishwa kuwa algoriti sahili ya GSEMO, ambayo kila hatua hubadilisha jibu moja na kubakiza yote yasiyozidiwa na mengine, huyapata yote kwa wastani wa hatua usiozidi kiwango cha n² log n. NSGA-II, algoriti nyingine ya mageuko inayotumika sana, ikibeba majibu n+1 tu kwa kila kizazi (yaani kila duru ya kuzalisha majibu mapya) hukosa sehemu ya safu kwa muda mrefu mno. Ikibeba mara 4 ya hapo, huikamilisha. Kwangu hilo ndilo tokeo lenye faida zaidi.

Jaribu mwenyewe: andika GSEMO kwa Python, weka n=20, kisha 40. Rudia mara nyingi, chukua wastani. Hatua zitaongezeka takribani mara 4 hadi 5.