Msumeno wa mviringo na reli yake: yanayosemwa na yalivyo

Anayenunua msumeno wa mviringo kwa mara ya kwanza husoma wati kwenye boksi na kuridhika. Mota ina kazi yake, lakini si yenye kunyoosha mkato. Kinachonyoosha ni bamba ambalo msumeno unateleza juu yake, reli au ubao unaouongoza, na jinsi kipande kinachokatwa kilivyoegemezwa. Dhana nyingi zinazofuata zinatokana na kusahau hilo.

“Wati nyingi, mkato safi.”

Wati zilizoandikwa kwenye kibandiko ni umeme unaoingia kwenye mashine, si nguvu inayofika kwenye meno. Sehemu yake hupotea njiani kama joto. Msumeno wa wati 1200 wenye bledi kali hupita kwenye plaiwudi ya milimita 18 bila kulalamika, na wa wati 1800 wenye bledi butu huacha alama nyeusi za kuungua. Dukani, badala ya kusoma kibandiko, ugeuze msumeno na ulikague bamba la chini. Libonyeze pembeni kwa dole gumba. La bati jembamba lililokunjwa hucheza, na likianguka mara moja laweza kupinda kabisa. La alumini au magnesi ya kusubu halitikisiki.

“Chukua bledi kubwa, usije ukajuta.”

Bledi ya milimita 190 hukata kina cha takriban milimita 65, ya 165 takriban 55. Kabati, rafu, mlango na meza vinatengenezwa kwa mbao ambazo ni nadra kuvuka milimita 50. Hata ukilaza msumeno digrii 45, ile ndogo bado inabakiza kina cha karibu 40. Tofauti utakayoihisi kila siku ni uzito mkononi. Bledi ya 235 waachie wanaokata mihimili ya paa.

“Meno mengi ni bora siku zote.”

Kupasua ubao kwa urefu wa nyuzi kunataka meno machache, kama 24, yenye nafasi ya kutoa unga wa mbao. Weka bledi ya meno 60 hapo na ubao utaanza kunuka moshi. Kwa plaiwudi, ubao wenye laminati na mikato ya kukingama, meno 40 na zaidi ndiyo yanayoacha ukingo usio na vibanzi. Bledi inayokuja na msumeno mara nyingi ni ile ya meno machache. Mimi ningenunua bledi ya pili kabla ya kuwaza betri ya pili.

“Upande mzuri wa ubao uangalie juu, ili uuone.”

Meno ya msumeno wa mviringo wa kushikwa mkononi huingia kwa chini na kutokea juu, kwa hiyo vibanzi hung’oka upande wa juu. Ukikata bila reli, laza upande mzuri chini. Reli yenye utepe wa mpira hubadilisha hesabu: utepe huo hukatwa na msumeno wako mwenyewe mara ya kwanza, kisha hukaa juu ya nyuzi pale pale meno yanapotokea na kuzikandamiza. Ila unalinda upande mmoja tu, ule wa chini ya reli. Reli basi ikae juu ya kipande unachokihitaji, masalio yawe nje. Na ukibadilisha bledi kwa yenye unene tofauti, ukingo wa utepe hauonyeshi tena mstari wa kweli.

“Ukiwa na reli, msumeno hauwezi kukurukia.”

Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Msumeno hurudi nyuma kwa nguvu pale njia ya mkato inapojifunga na kuibana bledi, na reli haizuii hilo. Tazama wengi wanavyofanya: ubao mpana umewekwa juu ya vigoda viwili, kimoja kila mwisho, na mkato unapita katikati. Kadiri bledi inavyosonga, ubao unalegea katikati, nusu mbili zinainamiana, mkato unajifunga kwa juu. Bledi inakamatwa, msumeno unaruka kuelekea aliyeushika.

Dawa yake ni rahisi. Panga mbao nne chini ya ubao, mbili kila upande wa mstari, ili kila nusu ijitegemee hata baada ya kutengana. Au tandika shiti nene la povu la kuhami joto sakafuni na ukate juu yake. Kina cha bledi kizidi unene wa ubao kwa milimita 3 hadi 6 tu. Simama pembeni kidogo, si nyuma ya msumeno, na kamwe usifunge kinga ya chini ibaki wazi kwa kabari.

“Bila reli ya dukani hakuna mkato wa maana.”

Chukua kipande cha plaiwudi ya milimita 6 au 9 kilicho kipana kuliko bamba la msumeno. Gundisha juu yake ukanda ulionyooka, kwa mfano ule wenye ukingo wa kiwandani wa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa). Pitisha msumeno ukiuegemeza kwenye ukanda. Ziada ya plaiwudi itakatika, na ukingo unaobaki ndio mstari wa bledi yako hasa. Uweke kwenye alama, bana kwa klempu, kata. Unapoteza kina sawa na unene wa plaiwudi hiyo, na ukanda usiwe mnene kiasi cha kugonga mota.

Reli ya dukani inafaa zaidi kwa msumeno wa kuzamisha, ambao hushuka kwenye ubao ukiwa tayari kwenye reli. Usinunue reli kwa mkumbo, maana hazipandiani zote: za kampuni za Festool na Makita zinaelewana, za Bosch na Mafell ni ukoo mwingine. Urefu wa milimita 1400 unatosha kukata upana wa ubao wa 1220, kwa sababu msumeno unahitaji nafasi ya kukaa sawasawa kabla na baada ya ubao. Kwa urefu wa 2440 unganisha mbili, na uzinyooshe kwa rula ndefu kabla ya kukaza viungio.

“Reli hunyoosha na kupima.”

Hunyoosha tu. Pembe ni kazi ya guni, yaani kipimo cha pembe mraba, na upimaji ufanyike ncha zote mbili. Usisahau unene wa bledi: ukitaka vipande vitatu kutoka upana wa 1220 kwa bledi ya milimita 2, vya 406 havitoki, kwani vinahitaji 1222. Vya 405 vinatoka.

“Wa betri ni wa kuchezea.”

Wa volti 18 unatosha kwa kazi za nyumbani, mradi betri iwe ya amperesaa (kipimo cha chaji inayobebwa) 4 au 5. Ya 2 huzidiwa mapema.

“Nakatia nje, vumbi si tatizo.”

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Upepo hauchagui vumbi liende wapi. Vaa barakoa ya FFP2, daraja linalochuja vumbi laini, na kama msumeno una tundu la kutolea vumbi, liunganishe na mashine ya kufyonza.