Filamu za Kirusi na maisha yaliyovunjwa chini ya ukomunisti: dhana potofu na ukweli

Wengi huamini kwamba filamu zinazoonyesha jinsi utawala wa kikomunisti ulivyovunja maisha ya raia wake zilianza kutengenezwa baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika mwaka 1991. Ukweli ni kwamba kadhaa kati ya zilizo bora zilitoka katika studio za dola, kwa fedha za dola hiyohiyo. Mwaka 1961 Grigori Chukhrai alitoa Chistoye nebo, yaani Anga Safi, kisa cha rubani wa kivita aliyetekwa na Wajerumani, ambaye aliporejea nyumbani akiwa hai alifukuzwa chamani na kuzuiwa kurusha ndege, kwa kuwa kutekwa kulihesabiwa karibu sawa na usaliti. Dikteta Stalin alikuwa amekwisha kufa, na Khrushchev, aliyemrithi madarakani, alikuwa ameruhusu makosa ya Stalin yasemwe.

Mlango huo haukukaa wazi kwa muda mrefu. Aleksandr Askoldov alikamilisha Komissar mwaka 1967. Humo kamisaa mwanamke, yaani ofisa wa kisiasa, wa Jeshi Jekundu la wakomunisti, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata mapinduzi ya mwaka 1917, anapelekwa kujifungulia katika nyumba ya fundi bati wa Kiyahudi mwenye watoto wengi. Ukali wake unalegea humo kidogokidogo, lakini hatimaye anamwacha mtoto mchanga kwa familia hiyo na kurudi vitani. Ndani ya filamu inaingia njozi inayowaonyesha Wayahudi wa mji huo wakielekea kwenye kambi ya maangamizi ya Wanazi, ambayo wakati wa kisa hicho ilikuwa bado haijajengwa. Wakuu wa sinema hawakuivumilia. Filamu ilifungiwa kwa miaka 20, naye Askoldov akafukuzwa kazi na chamani, na hadi kifo chake mwaka 2018 hakuongoza tena filamu ya hadithi. Ilipoonyeshwa Berlin mwaka 1988 ilipata tuzo ya Dubu wa Fedha. Kwa maoni yangu, ni vigumu kuitazama bila kumhesabu muongozaji mwenyewe miongoni mwa waliovunjwa.

Dhana nyingine ni kwamba filamu hizi zote zimejaa theluji ya Siberia, seng'enge na wafungwa waliokonda. Zilizo nzuri zaidi mara nyingi hazifiki kambini kabisa. Utomlyonnye solntsem ya Nikita Mikhalkov, iliyotoka mwaka 1994 na kushinda Oscar, inapita karibu yote katika siku moja ya kiangazi cha mwaka 1936, kwenye nyumba ya mapumziko yenye chai, nyimbo na watu wanaooga mtoni, huku mgeni mcheshi aliyekuja kutembea akiwa ndiye aliyetumwa kumkamata mwenye nyumba. Katika Zerkalo ya Andrei Tarkovsky, ya mwaka 1975, mama anakimbia kwenye mvua hadi kiwanda cha uchapaji kuhakikisha kama ameliacha kosa kwenye ukurasa, kosa ambalo enzi za Stalin lingeweza kumfanya akamatwe. Kosa lenyewe anamnong'oneza mwenzake sikioni, nasi hatulisikii. Anayesubiri mateso ya wazi ataipita sehemu hiyo bila kuitambua.

Wanaosema ni filamu za kuchosha hawajaona Kholodnoye leto pyatdesyat tretyego ya mwaka 1987, ambamo wahalifu walioachiwa kwa msamaha uliotolewa mwaka 1953 baada ya kifo cha Stalin wanakiteka kijiji, na wanaokitetea ni watu wawili waliopelekwa uhamishoni kwa makosa ya kisiasa, ambao msamaha huo haukuwagusa. Wala si zote za Kirusi: Pokayanie ya Tengiz Abuladze ni ya Kijojia.

Dhana inayopotosha zaidi ni kwamba waliovunjwa walikuwa wapinzani wa mfumo. Mwenye nyumba wa Mikhalkov ni shujaa wa mapinduzi, na hadi dakika za mwisho anaamini kwamba simu moja kwa Stalin itayamaliza yote. Andrei Konchalovsky alilisukuma jambo hili mbali zaidi katika Dorogiye tovarishchi ya mwaka 2020, kuhusu wafanyakazi wa Novocherkassk, mji wa kusini mwa Urusi, waliogoma baada ya bei za nyama na siagi kupandishwa, wakapigwa risasi tarehe 2 Juni 1962, na watu 26 wakafa. Mhusika wake mkuu, Lyuda, ni ofisa wa chama mjini humo, naye ndiye anayedai wagomaji waadhibiwe vikali. Kisha binti yake anapotea baada ya risasi kupigwa, na hata anapomtafuta mwanawe miongoni mwa waliozikwa kwa siri, bado anatamani Stalin angekuwepo.