Ugonjwa wa akili una asili ya mwilini? Maana ya "msingi wa kibiolojia"

Kijana akianza kuongea peke yake na kutupa nguo barabarani, pale Mwanjelwa, Mbeya, maelezo huwa matatu: karogwa, bangi imempanda kichwani, au ni ya ukoo wao. Anayetaja bangi na anayetaja ukoo, bila kujua, wote wameshaingia kwenye biolojia. Ugonjwa wa akili kuwa na msingi wa kibiolojia maana yake ni kwamba kuna jambo mwilini, hasa kwenye ubongo, linalochangia kuuleta. Neno ni kuchangia. Si lazima kiwepo kipimo cha kulionyesha jambo hilo, na shida za maisha hazijaondolewa kwenye hesabu.

Tuanze na kifafa, ambacho wengi bado wanakiita mapepo. Chenyewe ni ugonjwa wa ubongo, ingawa kwetu wagonjwa huchukulia dawa kliniki ya afya ya akili. Mbozi na kwingineko wanakofuga nguruwe, sababu mojawapo ni mnyoo aitwaye tegu. Anayekula kitimoto isiyoiva hupata tegu tumboni, na mayai yake hutoka na choo. Mayai hayo yakimfikia mtu mdomoni, kwa mboga mbichi au mikono isiyonawiwa, mabuu yake husafiri na damu na kujenga vifuko ubongoni. (Kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto hajasalimika.) Wengine huanguka kifafa, wengine huchanganyikiwa au kuzama kwenye sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka.

Tezi ya shingo nayo ina visa vyake. Kabla ya chumvi yenye madini joto, rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, lilikuwa jambo la kawaida nyanda hizi. Tezi ikizembea, mtu huwa mzito, hulala sana, hapendi chochote, na majirani husema ana mawazo.

Kaswende ilifanya makubwa zaidi. Hospitali za vichaa za Ulaya na Marekani zilikuwa na wagonjwa wengi waliopoteza akili, wakapooza, wakafa. Mwaka 1913 Hideyo Noguchi na J. W. Moore walivikuta vijidudu vya kaswende ndani ya ubongo wa marehemu wa aina hiyo. Penisilini ilipofika, hali ile ikawa adimu.

Hapo ndipo swali letu linapotuchezea. Chanzo kikishajulikana, ugonjwa huhamishwa wodi: huu wa minyoo, ule wa tezi, ule wa kaswende. Vinavyobaki chini ya jina la ugonjwa wa akili ni vile ambavyo chanzo chake hakijakamatwa mkononi, kisha tunashangaa havina kipimo!

Skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo kweli, ni mmojawapo. Humpata takriban mtu 1 kati ya 100. Lakini pacha wa kufanana akiugua, mwenzake ana uwezekano wa kati ya theluthi na nusu. Kwa hiyo anayesema "ni ya ukoo" hajakosea sana, ila kama vinasaba vingekuwa kila kitu, pacha wote wawili wangeugua daima.

Sonona ni ngumu zaidi. Yale maelezo ya "kemikali moja imepungua ubongoni" yamerahisishwa mno, na mimi siyapendi. Daktari makini hupima kwanza tezi, upungufu wa damu, kaswende. Majibu yakirudi safi, anabaki na maswali tu: unalala vipi, unakula, ulianza lini, nani alifariki nyumbani.