Uliza Kwanza Wanasoma kwa Lugha Gani

Shule ikiniita nikaisaidie kupanga siku ya michango kwa ajili ya shule ya nchi nyingine, huwauliza walimu jambo moja kabla sijaketi: hao mnaowachangia wamesema wanahitaji nini? Mara nyingi chumba hunyamaza. Mimi ni mhasibu, na hesabu za harambee za shule za Nairobi nimezishika miaka mingi. Kimya hicho kinanitia hofu kuliko daftari lililojaa makosa.

Mwaka 2019, kimbunga Idai kilipoupiga mji wa Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi, shule moja ya msingi hapa jijini iliguswa ikaamua kuchangia. Watoto wakaleta vitabu. Nilipofika, makatoni yalikuwa yamefika darini mwa stoo: hadithi za Kiingereza, za Kiswahili, kamusi, vitabu vya mazoezi vilivyokwisha kujazwa majibu. Lakini shule za Msumbiji hufundisha kwa Kireno. Mtoto wa Beira angefungua kitabu chetu cha jiografia akute kaunti 47 za Kenya, zimeelezwa kwa lugha asiyoisoma. Na hata kama vingemfaa, kuna nauli ya meli kutoka Mombasa, kuna ushuru, kuna gari la kuvitoa bandarini.

Walichokosa wenzetu ni paa. Madarasa zaidi ya 3,000 yaliharibiwa nchini humo, na darasa lisilo na mabati hufungwa mvua ikinyesha. Hilo mzazi wa Kenya haelezwi mara mbili.

Kuwaambia watoto kulikuwa kugumu. Msichana mmoja alikuwa ametoa kamusi yake ya pekee. Tulimrudishia mkononi, tukamweleza kwa nini, na vitabu vingine vikapelekwa maktaba ya shule jirani. Kisha tukaanza upya: siku ya kuja bila sare, shilingi 50 kwa anayeweza, mandazi na chai kutoka kwa akina mama, na mnada wa keki, ambao wazazi wetu huupenda kwa dhati.

Nasisitiza hapo kwenye "anayeweza". Asiye na kitu naye avae nguo za nyumbani, acheze, ale mandazi. Mwalimu asisome majina ya waliotoa na wasiotoa. Nimeona mtoto akibaki nyumbani siku ya michango kwa aibu ya shilingi 50, na hakuna bati linalofidia hilo.

Pesa zenyewe zihesabiwe siku hiyohiyo, shuleni, na watu watatu, mmoja wao mzazi, kila mmoja atie sahihi. Za M-Pesa ziingie kwenye nambari ya paybill ya shule. Zisipitie simu ya mwalimu hata akiwa mwaminifu vipi. Mnamlinda yeye pia. Watoto wakitaka kutoka nje ya lango na kopo la michango, ulizeni kwanza kuhusu leseni, maana sheria ya michango ya umma, Sura ya 106, ina masharti yake.

Halafu gharama. Tuseme zimepatikana 120,000, na hema na spika zimekula 45,000. Mchango ni 75,000, na hiyo ndiyo itangazwe paredi ya Jumatatu. Shule nyingi hutangaza ile kubwa kwa sababu inapendeza, kisha mzazi akiona risiti ya benki anajiuliza zingine zimekwenda wapi. Siku ile tuliacha hema. Watu walikaa chini ya miti.

Stakabadhi ya pesa zetu ilirudi kutoka Msumbiji kwa Kireno, mstari wake wa kwanza ukisema "chapas de zinco", mabati. Mwalimu mkuu aliibandika kwenye ubao wa matangazo karibu na lango, na juma zima watoto walikuwa wakisimama hapo kujaribu kuyatamka maneno hayo.